Ng'ombe wa Shemeji

Kama ungepita Kinampanda mwaka ule baada ya mvua kubwa, ukamuuliza mtoto yeyote njiani nyumba ya tajiri iko wapi, angekuonyesha tembe moja iliyoinama upande, paa limebonyea katikati na mlango umeegemezwa gogo. Humo aliishi Winfrida, mjane wa Damiani, pamoja na binti yake Ritha na wajukuu wawili mapacha. Usingemwamini mtoto huyo. Winfrida mwenyewe alikuwa haamini, na tajiri aliyekuwa akitajwa ni yeye.

Tuanze na Damiani, maana marehemu ndiye aliyeyaleta yote haya, kisha akaenda zake kupumzika. Damiani alikuwa mtu mfupi, mpole, asiyejua kusema hapana. Alipooa alikuwa na jembe na shoka, na miaka mingi baadaye aliendelea kuwa na jembe na shoka. Siku moja akarudi nyumbani kwa njia ya bondeni akiswaga ng'ombe. Winfrida, aliyekuwa akitwanga, aliacha mchi juu ya kinu akatazama. Mumewe akamwambia kwa sauti ya chini kwamba ni ng'ombe wa Kefa, rafiki yake tangu utotoni, amekabidhiwa awatunze. Shahidi alikuwa mzee Simeoni, jirani wa mtaa wa pili. Zaidi ya hao watatu na mke, hakuna anayetakiwa kujua.

Ambaye hakukulia kwa wafugaji atauliza kwa nini mtu aweke mali yake kwa mwenzake. Sababu haziishi. Ugonjwa ukiingia boma moja, usimalize wote. Wezi wakija, wasikute vyote mahali pamoja. Ndugu wakija kuomba, wakute boma tupu na wewe umeshika tama. Aliyekabidhiwa anakunywa maziwa, anapata samadi ya shamba, na ng'ombe wakizaa sana hupewa mtamba mmoja wa kwake. Akifa ng'ombe, anampelekea mwenyewe ngozi, ili ajue hakuuzwa. Na akiulizwa na mtu yeyote ng'ombe hawa ni wa nani, anajibu ni wa hapa. Basi. Kumtaja mwenyewe ni kumvua nguo mchana.

Kulikuwa na jambo jingine dogo, nalo lilimchekesha sana Winfrida alipokuwa bado mke mdogo. Kefa alipokuja kuwatazama ng'ombe wake alikaribishwa maziwa, akanywa, akafuta mdomo, akaondoka bila kusema asante. Winfrida alidhani ni ufidhuli. Damiani akamweleza kwamba mtu hashukuru kwa kilicho chake, akishukuru ni kama anasema si chake. Tangu hapo Winfrida akawa anamtazama Kefa anavyomaliza kibuyu na kukaa kimya, na akaona kweli ile nayo ni adabu ya aina yake.

Damiani alifariki kwa homa, ng'ombe wakabaki. Kefa alikuja msibani, akalia kwa dhati, na siku ya kuondoa tanga akamvuta Winfrida pembeni akamwuliza kama ataweza. Winfrida akasema ataweza. Shemeji, alimwita, kama alivyomwita siku zote. Wahenga walisema cha mtu mavi, na katika boma lile lililojaa, mali ambayo Winfrida angeweza kuapa kuwa ni yake ilikuwa hiyo samadi tu. Hata hivyo hakulalamika. Mtama wake ulistawi, wajukuu walipata maziwa, na mtamba mwekundu mwenye baka jeupe begani alikwisha kuahidiwa kuwa wake akishazaa mara ya kwanza.

Kisha ikaja ile mvua ambayo redioni waliiita Elnino. Watu wa Kinampanda wanajua kuomba mvua, kuizuia hawajui. Ilinyesha mpaka udongo wa paa la tembe ukawa uji, nguzo zikazama, na kihenge cha mbegu kikaangukiwa. Mtama uliokuwa ndani uliota humo humo kwenye giza, mrefu na mweupe, haufai kuliwa wala kupandwa. Shamba la bondeni lilichukuliwa lote na viazi vyake. Na yule mtamba mwekundu alizama kwenye tope la mtoni, akafa. Winfrida alimchuna kwa msaada wa majirani, akaikunja ngozi, akaipeleka kwa Kefa kama inavyopasa. Njiani alilia, kwa sababu alikuwa anampelekea mwenzake ngozi ya ng'ombe ambaye moyoni alikwisha kumpa jina.

Mavuno hayakupatikana. Walipita miezi ile kwa maziwa, mlenda na vibarua vya kulima vitunguu vya watu. Kilichomnyima Winfrida usingizi kilikuwa mbegu. Mvua nyingine zingeanza mwisho wa mwaka, na mwenye shamba bila mbegu atakuwa anamwagiliwa magugu. Ng'ombe walikuwa hapo, wanacheua, wanamtazama, na hakuwa na ruhusa ya kuuza hata mkia. Alikuwa kama mpishi wa harusi mwenye njaa.

Ndipo ikasikika kwamba serikali imetoa msaada wa maafa. Zamani, enzi za ushirika, lori lingekuja na magunia ya mbegu, ukipenda usipende, likamwaga ghalani. Lakini ushirika ulikuwa umekufa, ghala lina popo, na wakubwa walikuwa wakisema huu ni wakati wa soko huria. Kwa hiyo safari hii zingetolewa hela, na kila mhitaji angejinunulia mbegu kwa mfanyabiashara amtakaye. Winfrida alishindwa kuelewa kwa nini kitu kinachohitajika kisiletwe chenyewe, kipitie kwanza kwenye hela. Akaambiwa ndiyo maendeleo. Akasema sawa.

Kazi ya kuwatambua wahitaji ilifanywa na ofisa kijana kutoka wilayani Kiomboi, akiongozana na mwenyekiti wa kijiji nyumba kwa nyumba. Na mwenyekiti wa kijiji, ewe msomaji, alikuwa Kefa.

Walifika kwa Winfrida asubuhi. Ofisa alikuwa na viatu vya kufunga kamba na heshima nzuri, akatoa shikamoo, akaitazama tembe, akatikisa kichwa kwa huruma. Akawatazama mapacha, huruma ikazidi. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba akaona boma. Alisimama kidogo. Akauliza kwa upole kabisa, kama mtu anayetumaini atajibiwa vingine, kama ng'ombe hawa ni wa hapa.

"Ni wa hapa," Winfrida akajibu.

Angejibu nini? Hilo ndilo jibu alilofundishwa, na alilitoa kama mtu anavyojibu marahaba. Lilipokwisha kutoka ndipo akamtazama Kefa, akingoja akohoe, aseme neno la kuzungukazunguka, amvute kijana pembeni kama wanaume wanavyojua kufanya. Kefa alikuwa anatazama miguu yake. Ofisa akasema utaratibu ni kwamba mwenye ng'ombe zaidi ya watatu hahesabiwi kuwa mhitaji, akamtakia mama siku njema, wakaondoka. Winfrida akabaki ameshika ufagio.

Siku ile aliishinda akijiambia kwamba shemeji ana mpango wake. Kesho yake alimfuata, akamkuta anarekebisha ua, akamweleza kwa mafumbo jinsi mambo yalivyo. Kefa akamsikiliza, akasema avumilie, mambo ya serikali yana mlango wa mbele na wa nyuma, atatafuta njia. Winfrida akarudi na moyo mwepesi. Ritha alipomwuliza njia gani hiyo, hakuweza kusema, lakini alisema ipo.

Majina ya wahitaji yaliposomwa kwenye mkutano wa kijiji, la kwanza lilikuwa la Kefa. Kisheria hakuna aliyeweza kunung'unika, maana boma la mwenyekiti kila mtu alilijua, lilikuwa tupu hata nzi hawalitembelei. Jina la Winfrida halikusomwa. Mama mmoja nyuma yake akanong'ona kwamba matajiri nao waone haya, wana maboma yamejaa na bado wanakuja kukaa na maskini. Winfrida akageuka kutafuta ni tajiri gani anayesemwa. Alipogundua kuwa macho yote yamemtazama yeye, alijifunga khanga upya bila sababu.

Alirudi nyumbani akiwaza. Kama yeye ni tajiri, mbona hana mbegu? Kama Kefa ni maskini, hawa wanaocheua hapa wametoka wapi? Serikali imekuja, imetazama kwa macho yake, na imeona kinyume. Na kosa liko wapi? Hakusema uongo. Kefa naye, ukimchambua neno kwa neno, hakusema uongo pia. Alijaribu kumkasirikia, akashindwa, maana alimwona vile alivyolia msibani. Alijaribu kujikasirikia mwenyewe, akashindwa vilevile. Mwishowe akafikia jambo moja tu ambalo lilionekana kuwa na kichwa na miguu. Kinachomfanya awe tajiri ni ng'ombe. Ng'ombe wana mwenyewe. Awarudishe.

Hilo linaruhusiwa. Mtunzaji akichoka, au akiugua, anawapeleka ng'ombe kwao, anasema maneno ya shukrani, na urafiki unabaki palepale. Ritha alimkumbusha maziwa ya watoto. Winfrida akasema watoto watakula mtama, mtama unataka mbegu, mbegu zinataka hela, na hela zinataka boma tupu. Alipoyapanga hivyo hata yeye aliyaona yana akili. Alipiga moyo konde, akamwomba mzee Simeoni amsindikize kwa kuwa ndiye aliyekuwa shahidi, na kulipokucha wakawatoa ng'ombe kwa njia kuu, mbele za watu. Siri hubebwa usiku, amana hurudishwa mchana. Ndivyo Damiani alivyokuwa akisema.

Hakujua kwamba ofisa bado yupo kijijini. Alikuwa amekaa uani kwa Kefa, anakunywa chai, ndiyo kwanza anamaliza kazi yake kabla ya kuondoka. Karanga zilikuwa zimeanikwa juani juu ya ngozi nyekundu yenye baka jeupe begani. Winfrida aliitambua kabla hajamtambua mtu. Ng'ombe wakaingia uani kwa kelele, mmoja wao mzee akaenda moja kwa moja kwenye mti wa boma la zamani akaanza kujikuna, kama mtu aliyerudi kwao. Majirani wakasogea. Kefa alisimama na kikombe mkononi.

Winfrida akapiga goti kidogo. "Shemeji, nimekurudishia amana yako. Marehemu alishukuru, na mimi nashukuru."

Kefa alimtazama ofisa, akatazama watu, akatazama ng'ombe. Usoni mwake palionekana hesabu zinapigwa haraka haraka, na mtu anayepiga hesabu haraka hukosea. Akasema kwa sauti ya kusikitika, akimwambia ofisa, kwamba huyu mama tangu afiwe na mumewe amekuwa akichanganyikiwa, wamvumilie.

Ofisa, ambaye hakuwa mjinga, aliweka kikombe chini. Alimwuliza mwenyekiti waziwazi kama ng'ombe hawa ni wake.

"Si wangu," Kefa akasema. "Mimi sina ng'ombe. Boma langu umeliona mwenyewe."

"Hata mmoja?"

"Hata kwato."

Winfrida alikuwa bado amekunja goti, hajui anyanyuke au aendelee. Kwa kweli alichanganyikiwa wakati ule, Kefa hakukosea hapo. Alijiuliza kama labda Damiani alimdanganya miaka yote. Labda walikuwa wa mtu mwingine. Akaitazama ile ngozi chini ya karanga, akaukumbuka uzito wake begani, akajua hakuota. Alimgeukia Simeoni, na mzee wa watu alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili, midomo inacheza bila sauti. Shahidi hasemi mpaka mwenye mali amtake aseme, na mwenye mali alikwisha kusema.

Ofisa akamwambia Winfrida kwa upole awarudishe ng'ombe wake nyumbani, wasije wakala karanga za mwenyekiti. Akawarudisha. Alikwenda kwa mwenyekiti kuuacha utajiri, akarudi nao, safari hii ukiwa na mashahidi wa kijiji kizima. Kuanzia siku hiyo watoto wakamwita Tajiri.

Njiani Simeoni alimsindikiza mpaka kwenye kijito. Hapo akakaa juu ya jiwe akacheka, kisha akaacha, kama mtu asiyejua kama inafaa. Winfrida akamwuliza afanye nini sasa, kwa kuwa yeye ni mtu mzima na ameona mengi.

"Mwanangu," mzee akasema, "nimeona watu wakikana madeni. Nimeona wakikana watoto waliowazaa. Mtu kukana ng'ombe wake mbele ya watu, hilo sijaliona, wala baba yangu hakunisimulia. Wazee walisema mali aliyoikana mwenyewe ni ya aliyeitunza. Lakini nadhani walisema tu, hawakutegemea litokee."

Jibu hilo lilimzidishia Winfrida mashaka. Siku nyingi alizunguka boma lile kama mgeni. Alikamua, akanywesha watoto, na akajiona mwizi. Asipokamua, viwele vinajaa na ng'ombe wanalia, akajiona mkatili. Alikwenda kumwuliza Damiani kaburini, akang'oa majani, akakaa, hakupata jibu, maana Damiani hata alipokuwa hai hakuwa mwepesi wa kujibu. Hela za mbegu ziligawiwa wahitaji. Kefa alipokea. Wafanyabiashara wakaja na magunia yao na mizani yao, wakauza, wakaondoka. Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa mashariki.

Ritha ndiye aliyesema, siku moja wakichambua mlenda, kwamba mbegu hazingoji mtu amalize kufikiri. Alisema neno hilo tu, akaendelea na mlenda wake. Winfrida akamchagua dume mchanga, yule mkorofi aliyekuwa akivunja ua, akaenda naye mnadani. Mnunuzi alipomwuliza ng'ombe huyu ni wa nani, Winfrida alifungua mdomo aseme ni wa hapa, akaona mnadani hakuna hapa. Akakaa kimya kitambo, mnunuzi akadhani anapandisha bei, akaongeza. Alinunua mtama, alinunua uwele, na kwa kilichobaki akanunua nguzo za paa. Usiku wote ule alikuwa akimwomba msamaha mtu asiyemjua ni nani.

Mvua zikaja kwa adabu mwaka huo. Mtama ukachomoza, ukapaliwa, ukafika magotini. Ndipo Kefa alipokuja.

Alikuja Jumapili baada ya ibada, na suti yake ya kijivu, peke yake. Alikuwa amekonda kidogo. Alipiga hodi, akakaribishwa, akakalia kigoda kilekile alichokuwa akikalia enzi za Damiani. Alisifu paa jipya. Aliuliza hali ya mapacha, akasifu mtama, akarudi tena kwenye paa. Winfrida alimjibu kila alilouliza, bila kuongeza neno, kwa sababu alikuwa ameshaamua mara nyingi atakalomwambia, na kila alipoamua aliamua tofauti. Kuna siku aliapa atamfukuza. Kuna siku aliapa atampigia magoti na kumlipa yule dume. Akaingia ndani akatoka na kibuyu cha maziwa, kwa kuwa mgeni ni mgeni.

Kefa akakipokea, hakunywa. Akauliza, macho yakiwa kwenye kibuyu, wale wanaendeleaje.

Nani hao, Winfrida akataka kujua. Hakuuliza kwa ujanja. Alikuwa ameishi na swali hilo miezi mizima na alikuwa na hamu kubwa ya kusikia jibu lake kutoka kwa mtu mwingine.

"Wale," Kefa akasema. "Wale wa siku zote."

"Mwenyekiti," Winfrida akasema, na yeye mwenyewe alishtuka kujisikia hakumwita shemeji, "nisaidie, mimi nimechanganyikiwa kama ulivyosema. Ni wale uliowaona uani ukasema si wako, au kuna wengine nilikabidhiwa nikawasahau?"

Nyuma ya nyumba ng'ombe mmoja alilia, yule mzee, na Kefa akainua kichwa. Kwa muda Winfrida aliona kwamba mtu huyu atasema. Aseme tu neno moja, ni wangu, na yeye angenyanyuka akamfungulia boma, akamwonyesha na mahali alipopungua yule dume. Alikuwa tayari. Pengine alikuwa anaomba iwe hivyo, apate kupumzika. Lakini mwenye kusema ni wangu angepaswa kusema pia kwa nini jina lake lilisomwa la kwanza, na kijiji kizima kilikuwa kinakumbuka. Kefa akakiinua kibuyu, akanywa maziwa polepole mpaka mwisho, akafuta mdomo kwa kiganja.

"Asante kwa maziwa, mama," akasema.

Winfrida alikipokea kibuyu kitupu. Aliusogeza mdomo aitikie, akakuta hajui kinachoitikiwa, kwa maana katika miaka yote ile mtu huyu hakuwahi kumpa nafasi ya kujifunza.